Sahani ya Nguruwe, Tegu na Kifafa

Katika miji ya Mbulu na Katesh, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, baa si mahali pa kunywa tu, bali ni mahali pa kula pia. Jioni hukutana hapo mkulima aliyeuza vitunguu saumu vyake, mfugaji aliyetoka mnadani, mtumishi aliyepokea mshahara na dereva wa lori anayelala safarini. Baadhi yao huagiza bia ya kiwandani. Wengine hupendelea pombe ya nafaka, ambayo Wairaqw huiita buura. Kisha huletwa mezani sahani ya nyama: ya mbuzi, ya ng'ombe, au ya nguruwe, ambayo siku hizi hujulikana zaidi kwa jina la kitimoto. Pembeni huwekwa ugali au ndizi, pamoja na chumvi, pilipili na kachumbari.

Wairaqw wa Mbulu na Wadatoga wa Hanang kwa asili ni watu wa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Nguruwe ni mgeni katika milima hiyo. Ufugaji wake ulienea wilayani Mbulu hasa katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, na sababu zake ni rahisi kuzielewa. Nguruwe jike hubeba mimba kwa siku 114 hivi, huzaa watoto wengi kwa mara moja, na hula mabaki ya jikoni na ya shambani. Familia yenye nguruwe wawili ina akiba inayoweza kugeuzwa kuwa ada ya shule kwa muda mfupi. Soko kubwa la nyama hiyo ni baa za mjini.

Nyama ya nguruwe ni chakula bora chenye protini na vitamini nyingi. Hata hivyo, pamoja na mnyama huyo kumekuja mnyoo ambaye watafiti wamemfuatilia Mbulu kwa zaidi ya miaka 20, kwa kuwa ana uhusiano na ugonjwa wa kifafa. Uhusiano huo mara nyingi hueleweka vibaya, na kutoelewa huko huleta madhara mawili: walaji hujilinda pasipo na hatari na kujiachia penye hatari, na wagonjwa wa kifafa hutengwa bila sababu.

Yafaa jambo kuu litajwe tangu mwanzo. Kula nyama ya nguruwe hakuleti kifafa moja kwa moja. Kinacholeta kifafa ni mayai ya mnyoo anayeishi katika utumbo wa binadamu, na mayai hayo humfikia mtu kwa njia ya mikono, maji na vyakula vilivyochafuliwa na kinyesi cha binadamu. Kwa hiyo usalama wa baa hupimwa mahali patatu: motoni, kwenye maji ya kunawa, na chooni.

TEGU WA NGURUWE NI MNYOO GANI?

Tegu ni minyoo bapa mirefu mfano wa utepe. Wanaomhusu binadamu zaidi katika nchi yetu ni wawili. Wa kwanza ni tegu wa ng'ombe, ambaye kwa lugha ya kisayansi huitwa Taenia saginata. Wa pili ni tegu wa nguruwe, yaani Taenia solium. Wote wawili, wakiwa wamekomaa, huishi katika utumbo mwembamba wa binadamu peke yake. Ng'ombe na nguruwe hubeba tu umbo lake changa.

Tegu wa nguruwe aliyekomaa huwa na urefu wa mita 2 hadi 4, na pengine zaidi. Kichwa chake ni kidogo kama kichwa cha pini. Kina vifyonzi vinne na taji la kulabu zilizopangwa katika safu mbili, na kwa vifaa hivyo hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo. Mnyoo huyu hana kinywa wala tumbo. Hufyonza kwa ngozi yake chakula kilichokwisha kusagwa na mwenyeji wake. Nyuma ya kichwa hufuata mamia ya pingili. Pingili za mwisho ndizo zilizokomaa, nazo hukatika moja moja au kwa vikundi na kutoka pamoja na kinyesi.

Pingili moja inaweza kuwa na mayai yapatayo 50,000. Kila yai lina kipenyo cha mikroni 30 hadi 40, yaani milimita 0.03 hadi 0.04, hivyo haliwezi kuonekana kwa macho bila hadubini. Ndani ya yai kuna kiumbe mchanga mwenye kulabu sita, naye amezungukwa na ganda gumu linalomwezesha kustahimili udongoni kwa muda mrefu.

Mtu mwenye tegu kwa kawaida haumwi sana. Huenda akasikia kichefuchefu kidogo au maumivu madogo ya tumbo, na pengine asisikie chochote. Hapo ndipo ilipo hatari yake: anaweza kutawanya mayai kwa miezi au miaka bila kujua.

NJIA MBILI, MAGONJWA MAWILI

Katika mzunguko wa kawaida, nguruwe anayezurura hula kinyesi cha mtu mwenye tegu, au hula majani na udongo uliochafuliwa nacho. Mayai hupasuka katika utumbo wa nguruwe, na viumbe vichanga hupenya ukuta wa utumbo, huingia katika damu na kusambaa mwilini. Katika muda wa miezi miwili au mitatu kila kimoja hugeuka kuwa kifuko chenye maji, cha upana wa milimita 5 hadi 10. Ndani ya kifuko huonekana doa jeupe, nalo ni kichwa cha tegu kinachosubiri. Vifuko hivyo hukaa zaidi katika misuli inayofanya kazi sana: ulimi, moyo, mabega na mapaja.

Mtu akila nyama yenye vifuko iliyo mbichi au isiyoiva, kifuko hufunguka tumboni, kichwa hujitokeza na kujishikiza, na baada ya miezi miwili hivi mtu huyo ana tegu aliyekomaa. Huu ndio ugonjwa wa kwanza, yaani ugonjwa wa tegu wa utumbo. Hauleti kifafa.

Ugonjwa wa pili hutokea pale mtu anapomeza si vifuko vya nyama, bali mayai. Hapo mwili wa binadamu hufanywa kama mwili wa nguruwe. Viumbe vyenye kulabu sita hutoboa utumbo, husafiri kwa damu, na kujenga vifuko katika misuli, chini ya ngozi, machoni, na mahali pa hatari kuliko pote, katika ubongo. Mtu mwenye tegu anaweza kujiambukiza mwenyewe kwa mikono yake, au kuwaambukiza watoto wake, majirani zake na wale anaowapikia.

Tofauti moja kati ya tegu wawili yafaa ikumbukwe na kila mwanafunzi. Mayai ya tegu wa ng'ombe hayajengi vifuko katika mwili wa binadamu, ila ya tegu wa nguruwe hujenga. Ndiyo maana wafugaji wa ng'ombe walioishi na tegu kwa vizazi vingi hawakuona uzito wa jambo hili mpaka nguruwe alipoingia.

Kutokana na maelezo haya yafuata jambo linalowashangaza wengi: mtu asiyekula nguruwe kabisa, kwa imani ya dini au kwa kutopenda, anaweza kupata vifuko ubongoni. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walieleza habari za watu wanne wa jumuiya ya Wayahudi washika dini mjini New York, ambao hawakula nyama ya nguruwe, lakini walipatwa na vifuko vya ubongo. Uchunguzi ulielekeza kwa wafanyakazi wa nyumbani waliotoka katika nchi zenye ugonjwa huo. Njia haikuwa nyama. Ilikuwa mikono iliyoandaa chakula.

JINSI ELIMU HII ILIVYOPATIKANA

Kwa karne nyingi watu waliona vifuko katika nyama ya nguruwe na waliona tegu katika kinyesi cha watu, lakini hawakujua kuwa ni kiumbe mmoja katika hatua mbili. Katikati ya karne ya 19 daktari Mjerumani Friedrich Küchenmeister alikusudia kuthibitisha uhusiano huo. Alimlisha mfungwa aliyehukumiwa kifo chakula chenye vifuko vya nguruwe bila mfungwa huyo kujua, na baada ya hukumu kutekelezwa alikuta tegu wachanga katika utumbo wake. Matokeo yalitangazwa mwaka 1855. Jaribio hilo lilijibu swali, lakini liliwaudhi watu wengi hata katika zama zake. Maadili ya utafiti ya leo hayaruhusu jaribio la namna hiyo, kwa kuwa mtu hawezi kufanywa chombo cha majaribio pasipo ridhaa yake.

Somo la pili lilitokana na askari wa Uingereza waliowahi kutumikia India. Mwaka 1961 Dixon na Lipscomb walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 450 wa aina hiyo. Wengi walianza kupata degedege na kifafa miaka kadhaa baada ya kuambukizwa, wakiwa wamekwisha rudi kwao. Kifuko kikiwa hai hutulia ubongoni na kuukwepa ulinzi wa mwili. Kinapokufa, mwili hukitambua na kukishambulia, na uvimbe unaotokea huchokoza chembe za ubongo. Kwa sababu hiyo, kati ya siku ya kumeza mayai na siku ya kuanguka mara ya kwanza, huenda ikapita miaka mingi. Si ajabu basi kwamba jamaa za mgonjwa hutafuta chanzo kwa majirani, kwa laana au kwa mizimu, wala si kwenye maji ya kunawa.

Somo la tatu lilitoka katika nyanda za juu za Papua Magharibi, Indonesia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nguruwe wenye vifuko waliingizwa huko kutoka nje. Muda mfupi baadaye hospitali ya Enarotali ilianza kupokea majeruhi wengi wa moto. Watu wa huko, kwa ajili ya baridi ya milimani, walilala kando ya moto ndani ya nyumba, na waliposhikwa na kifafa usiku waliangukia makaa. Mwalimu wa Mbulu hahitaji maelezo marefu kuona jinsi habari hiyo inavyohusu nchi yenye baridi na mafiga ya ndani.

HALI ILIVYOPIMWA MBULU

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 wilayani Mbulu, huwahudumia watu wa wilaya hiyo na wa wilaya jirani, Hanang ikiwamo. Hapo daktari Andrea Winkler na wenzake walifanya utafiti wa nyumba kwa nyumba kuhusu kifafa. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009, kati ya watu 7,399 waliochunguzwa, karibu 9 katika kila 1,000 walikuwa na kifafa kinachoendelea.

Katika uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka huo huo, watu 212 wenye kifafa walipigwa picha za ubongo kwa mashine ya CT. Watu 38 kati yao, yaani asilimia 17.9, walikuwa na alama zinazoashiria kwa nguvu vifuko vya tegu. Kati ya watu 198 wasio na kifafa waliolinganishwa nao, alama hizo zilionekana kwa 2 tu, yaani asilimia 1. Hesabu hizo hazisemi kwamba kila kifafa chatokana na tegu. Kifafa kina sababu nyingi, kama vile kuumia wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, malaria kali na ajali za kichwa. Lakini zinasema kwamba sehemu isiyo ndogo ya kifafa cha eneo hili ingeweza kuzuiwa.

Upande wa mifugo, Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, pamoja na wenzake, walichunguza ndimi za nguruwe hai katika vijiji vya Mbulu. Taarifa yao ya mwaka 2004 ilionyesha kuwa asilimia 17.4 ya nguruwe hao walikuwa na vifuko vilivyoweza kuonekana au kupapaswa, na vijiji vilitofautiana sana. Kwa kuwa kupapasa ulimi hukosa nguruwe wengi wenye vifuko vichache, hesabu ya kweli yaelekea ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 2014 Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani yalitoa orodha ya vimelea 24 vinavyoenezwa kwa chakula. Tegu wa nguruwe aliwekwa wa kwanza kwa uzito wa madhara yake duniani.

MAHALI PA KWANZA: MOTO

Vifuko ndani ya nyama hufa joto likipita nyuzi 60 za Sentigredi. Kwa usalama hushauriwa kwamba katikati ya nyama pafike nyuzi 70 hivi. Kiasi hicho si kikubwa. Miji ya Mbulu na Katesh iko karibu na mita 1,700 juu ya usawa wa bahari au zaidi, na katika mwinuko huo maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, wala si 100. Hata hivyo nyuzi 94 zatosha kabisa kuua vifuko. Supu iliyotokota vizuri na nyama iliyochemshwa kwa muda wa kutosha haina hatari ya tegu.

Shida iko kwenye nyama ya kuchoma na ya kukaanga kwa haraka. Nyama haipitishi joto upesi. Makaa huunguza uso wa pande kubwa la nyama mpaka likawa jeusi, ilhali katikati bado ni vuguvugu. Kanuni ya fizikia ni kwamba muda wa joto kufika katikati huongezeka kwa takriban mraba wa unene. Ikiwa kipande cha sentimita 2 chahitaji dakika 8, kipande cha sentimita 4 hakihitaji dakika 16, bali dakika 32 hivi. Mpishi anayesukumwa na wateja wenye njaa hawezi kuishinda kanuni hiyo kwa kuongeza makaa. Ataishinda kwa kukata vipande vidogo, au kwa kuchemsha nyama kwanza na kuikaanga baadaye. Mlaji naye ana kipimo chake: akikata kipande kinene kuliko vyote, nyama isiwe na rangi ya waridi katikati, na maji yake yasiwe na damu. Kama sivyo, sahani irudishwe motoni.

Jokofu la baa, ambalo hupoza bia kwa nyuzi 4 hivi, haliui vifuko. Kugandisha huviua, ila kwa masharti: siku 4 kwa nyuzi 5 chini ya sifuri, siku 3 kwa nyuzi 15 chini ya sifuri, au siku 1 kwa nyuzi 24 chini ya sifuri. Mahali ambapo umeme hukatika njia hiyo haiaminiki sana. Kunyunyiza chumvi, pilipili au ndimu juu ya nyama iliyo sahani huongeza ladha tu.

JE, POMBE HUUA TEGU?

Imani kwamba kileo kinachoteremshiwa nyama huua vijidudu vyake husikika mahali pengi. Haina msingi. Bia ya kawaida ina alkoholi ya asilimia 5 hivi. Mtu anayekunywa lita moja hupata mililita 50 za alkoholi, zenye uzito wa gramu 40 hivi. Humo tumboni alkoholi huchanganyika na chakula na majimaji mengine, kisha hufyonzwa na kuenea katika maji ya mwili mzima. Mwilini mwenye lita 40 za maji, gramu hizo zinakuwa gramu 1 kwa lita. Kiasi hicho kinatosha kulegeza akili ya mnywaji, wala hakitoshi kumdhuru mnyoo. Kifuko kimeumbwa kustahimili hata asidi ya tumbo. Nyongo iliyopo utumboni, badala ya kukiua, hukiamsha.

Pombe huchangia hatari kwa njia nyingine. Aliyelewa hachunguzi nyama gizani, hakumbuki kunawa, na huenda akajisaidia kichakani badala ya kukitafuta choo. Aidha, kwa mtu mwenye kifafa, ulevi na hali ya mwili baada ya ulevi huweza kuleta mshtuko, hasa akiacha kumeza dawa kwa ajili ya kunywa.

MAHALI PA PILI NA PA TATU: MAJI NA CHOO

Moto ukiwa mkali kiasi gani, unamzuia mlaji asipate tegu wa utumbo tu. Haumkingi dhidi ya mayai yatakayofika mezani baada ya nyama kuiva. Kachumbari hailiwi ikiwa imepikwa. Nyanya na vitunguu vyake huenda vimemwagiliwa maji ya kijito kinachopita karibu na vichaka vinavyotumiwa kama choo, au vimekatwa na mpishi mwenye tegu asiyejijua. Dawa nyingi za kuua vijidudu haziliwezi ganda la yai. Njia ya kuaminika ni kuyaondoa mayai kwa kuyasugua na kuyasuuza, au kuyaua kwa kuyachemsha.

Ndiyo maana namna ya kunawa ina uzito. Wateja kumi wakitumbukiza mikono katika beseni moja, mayai yaliyotoka kwa mmoja hubaki majini na kungoja tisa. Birika linalomimina maji juu ya mikono, sabuni, na beseni la kupokea maji machafu hulivunja daraja hilo. Desturi ya kumiminia mgeni maji, ambayo wazee waliifuata kwa heshima, ina sababu nzuri ya kisayansi pia.

Choo chenye shimo lililofunikwa, ambacho nguruwe hawezi kukifikia, hukata mzunguko katika kiungo chake dhaifu kuliko vyote. Nguruwe hawezi kupata vifuko pasipo kinyesi cha binadamu. Kwa maneno mengine, nguruwe si chanzo cha ugonjwa. Yeye naye ameambukizwa na mtu.

MFUGAJI NA UKAGUZI

Nyama inayouzwa baa inapasa kukaguliwa na ofisa wa mifugo kabla ya kuuzwa. Hata hivyo nguruwe aliyekutwa na vifuko vingi huweza kutupwa, na hasara yote humwangukia mfugaji. Kwa hiyo baadhi huchinja kwa siri na kuuza kwa bei nafuu. Mwenye baa anayenunua nyama isiyokaguliwa anapata faida ndogo leo, na wateja wake hulipa deni miaka mingi baadaye.

Tiba ya hasara hiyo huanzia bandani. Nguruwe aliyefungiwa katika banda imara na kulishwa humo hafikii vichaka. Katika jaribio lililofanyika Mbulu na kuchapishwa mwaka 2008, Ngowi na wenzake walitoa mafunzo kwa wafugaji wa vijiji vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu. Maambukizo mapya ya nguruwe yalipungua kwa asilimia 43 hivi yalipolinganishwa na ya vijiji visivyopewa mafunzo. Siku hizi ipo pia dawa ya oxfendazole, inayoua vifuko katika misuli ya nguruwe, na chanjo iitwayo TSOL18. Mtu mwenye tegu hutibiwa kwa praziquantel au niclosamide. Dawa hizo zitolewe na mganga, kwa sababu praziquantel ikimezwa na mtu mwenye vifuko ubongoni huweza kuviua kwa ghafla na kuleta uvimbe wa hatari.

KAZI YA SHULE

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya jaribio la elimu ya afya katika shule za msingi na za sekondari wilayani Mbulu. Wanafunzi waliofundishwa kuhusu tegu waliongeza maarifa yao kuliko wenzao. Hivyo darasa ni mahali pafaapo pa kuanzia. Majaribio mawili yafuatayo hayahitaji vifaa vya gharama.

La kwanza ni la joto. Chukua viazi mviringo, ukate vipande vya mraba vya unene wa sentimita 1, 2 na 4. Vitumbukize pamoja katika maji yanayochemka. Baada ya kila dakika 4 toa kimoja cha kila unene, ukikate katikati. Wanga wa kiazi hubadilika rangi na ugumu kati ya nyuzi 60 na 70 hivi, yaani karibu na joto lile lile linaloua vifuko vya tegu. Pima upana wa sehemu iliyoiva na ile iliyobaki mbichi, kisha chora grafu ya muda na unene.

La pili ni la mikono. Wanafunzi watano wapake mafuta kidogo na unga laini wa mkaa viganjani. Wanawe mmoja baada ya mwingine katika beseni moja lisilobadilishwa maji, kisha mwanafunzi wa sita mwenye mikono safi atumbukize ya kwake humo. Jaribio lirudiwe kwa birika na sabuni. Mikono ya mwanafunzi wa sita itaeleza yote.

Mwalimu aongeze jambo la tatu, ambalo si jaribio. Kifafa hakiambukizwi kwa kumgusa mgonjwa, wala kwa povu la kinywa chake, wala kwa kula naye sahani moja. Anapoanguka, aondolewe karibu na moto, maji na vitu vyenye ncha, alazwe ubavu, asitiwe kitu chochote kinywani, akae na mtu mpaka atakapozinduka. Mshtuko ukizidi dakika 5, apelekwe hospitali. Wengi wa wagonjwa hupata nafuu kwa dawa zinazomezwa kila siku bila kukatizwa, nao wana haki ya kukaa darasani kama wenzao.

HITIMISHO

Ugonjwa huu hauhitaji mtu aache kula nguruwe wala kukutana na wenzake jioni. Tegu hana makao ya utu uzima nje ya utumbo wa binadamu. Kila mtu anayetibiwa, kila nguruwe anayefungiwa bandani, kila kipande kinachoiva hadi katikati, kila birika linalowekwa mlangoni pa baa na kila choo kinachojengwa humpunguzia mnyoo huyo nafasi ya kuendelea. Mbulu na Hanang zimekwisha pata elimu hiyo kwa utafiti uliofanywa katika ardhi yao wenyewe. Kilichobaki ni kuitoa vitabuni na kuipeleka jikoni.